Mnanaa kwangu unakufa, kwa jirani unang'olewa kama magugu. Shida ni maji, udongo au mkono?

#1 BiKijani, Kigamboni
Habari zenu wadau. Naombeni msaada maana nimechoka. Kila mtu ananiambia mnanaa hauna kazi, unachomeka tawi tu linaondoka lenyewe, sasa mimi toka mwezi wa tano mwaka jana nimeshachomeka mara nne na yote imekufa. Wa kwanza ulikaa wiki tatu. Wa pili nikajua hapa nimepata, ukafika miezi miwili ukatoa na majani mapya, ghafla majani yakaanza kukauka pembeni kama yamebabuliwa na moto mpaka ukaisha. Wa tatu na wa nne hivyo hivyo. Kinachoniuma zaidi, matawi yote nachukua kwa mama jirani, tumepakana ukuta kwa ukuta, na kwake mnanaa umejaa mpaka anaung'oa anawatupia kuku. Mchanga ni huu huu wa Kigamboni, maji tunachangia kisima kimoja, mbolea yeye haweki kabisa, mimi ndo naweka samadi ya ng'ombe. Na sio kwamba kwangu hakuoti kitu, mchicha na spinachi tunakula mpaka nagawa. Hii imekaaje?

#2 Mzee wa Kitalu, Morogoro
Pole binti. Kuna kitu watu wa siku hizi hamtaki kukisikia, nacho ni mkono. Mama yangu mzazi akipanda chochote kinashika, hata kijiti cha uzio kinachipua, ila dada yake wa tumbo moja akichomeka mhogo unaoza. Kijijini watu walikuwa wanamfuata mama asubuhi na mapema aje awapandie. Mwite huyo jirani aje apande yeye kwa mkono wake halafu utuletee majibu.

#3 chepe_na_jembe, Tegeta
Mzee #2 shikamoo, ila mkono tuuweke pembeni kwanza tuulize maji. BiKijani unamwagilia mara ngapi? Mizizi ya mnanaa inatambaa juu juu, na mchanga wa pwani ukimwaga ndoo saa moja asubuhi, ikifika saa sita pale juu hamna kitu. Mi nadhani imekufa kiu tu.

#4 Mama Wawili, Mbezi
Kiu ingeulegeza mmea mzima. Yeye kasema majani yanakauka pembeni. Jani likianza kuungua kwenye ncha na kingo kuja ndani huku katikati bado kijani, mimi nawaza chumvi. Dada onja maji ya kisima chenu, alafu angalia udongo ukikauka kama juu kuna unga mweupe. Na hiyo spinachi tunayolima huku ya majani mapana ni ukoo mmoja na bitiruti, asili yao ni mmea wa ufukweni kabisa, chumvi wanaijua. Mchicha nao unavumilia kiasi chake. Yaani ulivyotutajia kinachoota na kisichoota ni kama umeshajijibu.

#5 BiKijani
Mama Wawili asante. Maji yana chumvi kweli, ya kunywa tunanunua, na unga mweupe niliuona kwenye ndoo ya mnanaa wa tatu nikadhani ni ukungu. chepe_na_jembe namwagilia asubuhi na jioni, kiu sio. Lakini jamani kisima si ni kimoja? Mbona wake haufi?

#6 chepe_na_jembe
Hapo umenibana. Fanya hivi, nenda kwa jirani ukauangalie huo mnanaa umekaa wapi. Unapata jua saa ngapi mpaka saa ngapi, uko karibu na nini, nani anaumwagilia. Watu wengi wakiulizwa wanasema siufanyii kitu na kweli hawaufanyii, ila ile sehemu yenyewe ndo inaufanyia.

#7 MpandaMikarafuu, Unguja
Mie naona mmeukimbilia upesi mno upande wa maji. Kwetu sie udongo ndio unaoamua. Ukenda Makunduchi chini ni jiwe la matumbawe, udongo wenyewe kiganja kimoja, mchungwa ukitiwa pale jani linakuwa manjano na mishipa yake imebaki kijani. Madini ya chuma yamo, ila chokaa ya lile jiwe inayafunga mti usiyapate. Ukija huku magharibi udongo una kina, mgomba na mdalasini na karafuu zinakwenda. Kisiwa kimoja, mvua moja. Sasa dada hapo Kigamboni tuambie, ulipopanda palikuwa na nini kabla?

#8 Mzee wa Kitalu
Ndiyo maana karafuu zikahamia Pemba, udongo wa Pemba ni mzuri kuliko wa Unguja.

#9 MpandaMikarafuu
Hapana mzee wangu, hapo nikurekebishe. Unguja ilikuwa imejaa mikarafuu. Kilichoiangusha ni kimbunga cha mwaka 1872, kiliing'oa karibu yote, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndio ikashika usukani. Mvua Pemba ni nyingi zaidi, hilo silikatai, na udongo wake ni mzuri, lakini mtu akiona leo mikarafuu imejaa Pemba anasema udongo, kumbe kuna upepo wa siku moja.

#10 Kaka Rehani, Tabata
Hii ya kimbunga sikuijua, asante. Huenda na kwa BiKijani kuna kimbunga chake tunakitafuta kwenye udongo.

#11 BiKijani
Nimerudi kutoka kwa jirani. Wadau, mnanaa wake uko nyuma ya chumba, upande ambao jua linapiga asubuhi mpaka saa nne hivi halafu ukuta unaziba. Na juu yake kuna AC. Bomba la maji ya AC linadondokea pale pale katikati ya mnanaa, tone tone, mchana kutwa na usiku. Yeye mwenyewe anasema kumwagilia pale hajawahi.

MpandaMikarafuu kuhusu swali lako, mimi nilipotengeneza tuta ndipo fundi alikuwa anachanganyia zege wakati tunajenga. Nilichota vipande vikubwa nikaweka samadi juu.

#12 chepe_na_jembe
AISEE! Kesi imeisha. Maji ya AC ni unyevu wa hewani umegeuka maji, hayajapita kwenye ardhi hata kidogo kwa hiyo chumvi hayana. Jirani ana kisima chake binafsi cha maji baridi na hajui! Wewe unaumwagilia mnanaa chumvi mara mbili kwa siku, na kadiri unavyojitahidi kumwagilia ndo unavyoongeza, maji yanakauka na jua chumvi inabaki.

#13 Mama Wawili
Nilisema mimi 😊

#14 Kaka Rehani
Taratibu kwanza. Mimi naishi nyumba ya kupanga, AC sina, maji ni ya bomba, mnanaa wangu uko kwenye beseni lililotoboka chini ya mwembe na umejaa. Nilipouhamishia juani barazani uliteseka wiki mbili, nikaurudisha ukapona, na maji ni yale yale. Hiyo inaitwa kivuli. Jirani wa BiKijani jua linamwisha saa nne, BiKijani yeye tuta lake liko wapi?

Swali jingine, kipupwe kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane Dar watu wengi wanazima AC. Mbona miezi hiyo mnanaa wa jirani haufi?

#15 BiKijani
Tuta liko katikati ya uwanja, jua kutwa. Jirani nimemuuliza la AC anasema mwezi wa saba huwa unapukutika kidogo, anajua ni baridi. Kwa hiyo sijui hapo tuseme nini.

#16 Fundi Mawe, Arusha
Mimi nilizaliwa Lushoto naishi Arusha. Shangazi yangu Lushoto ana haidranjia mlangoni, maua ya bluu kabisa. Nikachukua tawi nikalipanda hapa Arusha, likashika vizuri, likatoa maua ya pinki. Watu wakaniambia umepewa mbegu nyingine. Hapana, ni tawi la shina lile lile. Usambara udongo una tindikali ndo maana na chai inakubali kule, na kwenye tindikali haidranjia inaweza kunyonya aluminiamu ua likawa bluu, kwenye udongo wenye chokaa au magadi haiwezi. Sasa kichaka changu kimekaa kona ya ukuta, upande uliogusa saruji maua pinki iliyokolea, upande wa bustani yana zambarau. Kichaka kimoja hicho! Kwa hiyo mimi niko na MpandaMikarafuu, BiKijani umepanda kwenye saruji. Saruji ina chokaa na haiishi kwa kuokota vipande, ule unga unakuwa umeshaingia chini.

Na maji pia yana mambo yake. Huku kuzunguka Meru kuna maji yana floraidi nyingi, ndo ile meno kuwa ya kahawia. Kuna maua ya ndani yale ya majani marefu kama upanga, yakinyweshwa maji hayo ncha zinaungua, na mwenye nyumba anaendelea kuyaongezea maji akidhani ni kiu.

#17 njano_kijani, Mbagala
Mbona spinachi yake imekubali kwenye saruji hiyo hiyo?

#18 Fundi Mawe
Spinachi na chokaa hawana ugomvi mkubwa. Ila hapo nakubali umeniuliza swali zuri.

#19 Wanjiku wa Dania, Ruiru
Hamjambo huko. Mimi kilio changu ni dania, nyinyi nadhani mnaita giligilani. Hapa Ruiru, karibu na Nairobi, naweka mbegu kwa ardhi, siku kumi hivi inatoka, nakata hadi nachoka. Dada yangu ameolewa Mombasa, namtumia pakiti ile ile, kwake inaota kiasi, inafika urefu wa kiganja halafu inatoa maua. Ameniambia nimemtumia mbegu mbovu, tumekosana juu ya hiyo dania.

#20 Mie wa Likoni, Mombasa
Wanjiku mwambie dadako asikasirike, si mbegu, ni joto. Dania ikihisi joto inaona kifo kinakuja, yakimbilia kutoa maua iache watoto. Hapa kwetu panda mwezi wa sita au wa saba kuna kibaridi, weka kivulini, usihamishe miche maana mzizi wake wapenda kukaa ulipozaliwa, panda pale pale utakapokata. Na ile mbegu ya mviringo si moja, ni mbili zimefungwa pamoja, nyanyangu alikuwa aiviringishia chupa mpaka yapasuka ndipo aiatika. Nairobi ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, usilinganishe na sisi tulio hapa majini.

#21 Wanjiku wa Dania
Asante sana. Namtumia hii saa hii.

#22 Kaka Rehani
Unguja wanaita kotmiri, Nairobi dania, Dar giligilani, na popote pwani inakimbilia maua.

#23 Bint Suhar, Maskati
Salaam. Huku Oman mnanaa na kotmiri tunatia mwezi wa Oktoba joto likishapungua, tunakula msimu wote wa baridi, ukifika Juni jua linapiga digrii 45 hata kivulini hausimami. Mamangu Mungu amrehemu alikuja na kawaida zake za Zanzibar, kila mwaka atie mwezi wa Aprili kungoja masika, na kila mwaka uungue. Hapakuwa na masika ya kungoja. Ilimchukua miaka kuukubali msimu wa huku. Bibie BiKijani mwaka jana umeanza mwezi wa tano, hayo mengine uliyachomeka miezi gani?

#24 BiKijani
Mwezi wa tano, wa nane, wa kumi na moja, na huu wa mwisho Januari. Ule wa pili uliodumu miezi miwili ndo wa mwezi wa nane.

#25 Bint Suhar
Basi uliodumu umepata ubaridi.

#26 chepe_na_jembe
Au uliodumu ulichelewa kukusanya chumvi.

#27 Bustani ya Baba Eliya, Dodoma
Niseme na mimi, ni kuhusu mapapai lakini yanaingia humu humu. Nilipanda mapapai sita kutoka papai moja tamu. Jirani mbegu za papai hilo hilo alipanda manne. Yeye akapata matatu yanazaa, mimi katika sita, matano yakatoa maua yanayoning'inia kwa vijiti virefu, hamna papai. Mkewe akawa anasema bustani yangu ina kitu. Iliniuma sana maana ni maneno ya kusambaa mtaani.

#28 Mzee wa Kitalu
Hayo ni madume. Kata kichwa litazaa. Au pigilia msumari kwenye shina, tumefanya sana Morogoro.

#29 Mama Wawili
Mzee msumari hapana jamani, unaliumiza tu na kulifungulia njia ya kuoza. Mpapai kuna dume, jike, na wenye vyote viwili, na kwenye mbegu hujui mpaka utoe ua. Halafu dume na hawa wa vyote viwili wanaweza kubadilika wenyewe hali ya hewa ikibadilika, dume likatoa vipapai viwili vitatu. Mtu kapiga msumari mwezi wa tano, baridi imeingia, mti umebadilika, sifa anapewa msumari. Baba Eliya hilo lako ni bahati ya kura tu wala halina mkono wa mtu. Panda mitatu kila shimo, ikitoa maua ng'oa madume bakiza moja la kuchavusha. Na usipande panapotuama maji, mpapai mizizi ikikaa majini siku mbili tatu umekwisha.

#30 Bustani ya Baba Eliya
Mama Wawili nashukuru. Nitamsomesha na jirani.

#31 njano_kijani
Kwetu tulikatazwa kunyooshea boga changa kidole, litaoza. Unaonyesha kwa ngumi. Na nimeyaona kwa macho yangu, nimenyoosha kidole Jumatatu, Alhamisi limekuwa la njano limeanguka.

#32 Mie wa Likoni
Kwetu pia! Na mwanamke akiwa kwenye siku zake asikanyage kwenye matango.

#33 chepe_na_jembe
Boga linatoa maua ya kiume na ya kike mbali mbali, lile lenye kiboga kidogo chini yake ndo jike. Nyuki asipopita asubuhi, kile kiboga hakijachavushwa, kinakaa siku chache kinageuka njano kinadondoka, unyooshe kidole usinyooshe. Na nzi wa matunda naye akishadunga kinaoza. Dar kuna mitaa watu wanapuliza dawa kila wiki mpaka nyuki hamna. Chukua ua dume saa moja asubuhi likiwa bado wazi, lipake ndani ya jike. Na hili la kina mama kukatazwa kuingia shambani naomba liishe, vibarua wa matango nawaona kila siku, nusu ni wanawake na matango yanajaa.

#34 Mzee wa Kitalu
Kijana wewe kila kitu una jibu. Ila jua wazee walikuwa wanazuia watoto wasichezee maua ya boga, sasa mtoto ungemwambia nini asikie?

#35 chepe_na_jembe
Hapo nakubali mzee, na shikamoo tena.

#36 Mama Wawili
Turudi kwa BiKijani. Dada hebu jaribu, usibadilishe vitu vyote mara moja hutajua kipi kimesaidia. Tafuta ndoo, udongo ule ule usiotoka kwenye tuta la zege, tawi kutoka shina moja. Nyingine kivulini maji ya AC, nyingine kivulini maji ya kisima, nyingine juani maji ya AC. Na moja chomeka pale pale pa zamani kama ulivyozoea.

#37 Mzee wa Kitalu
Hiyo ya pale pa zamani apande jirani.

#38 BiKijani
Sawa, naanza kesho. Jirani kakubali kunikingia maji ya AC kwenye dumu.

*(wiki saba baadaye)*

#39 BiKijani
Wadau niliahidi. Ndoo ya kivulini maji ya AC imeshika vizuri sana, nimeshakata mara mbili ya chai. Ya kivulini maji ya kisima nayo ipo hai, wiki ya tano kingo zilianza kuwa kahawia kidogo ila inatoa machipukizi. Ya juani maji ya AC ni fupi, majani madogo magumu lakini harufu yake kali kuliko zote. Sasa shughuli ni hii ya kwenye tuta la zamani. Alipanda jirani kwa mkono wake kama mzee alivyosema, maji ya kisima, jua kutwa, zege chini. Imeshika. Inatambaa. Nimetuma picha hapo juu mwone wenyewe.

#40 Mzee wa Kitalu
Mimi sisemi kitu.

#41 chepe_na_jembe
Mzee usifurahi mapema, masika imeanza wiki ya tatu ya majaribio! Mvua imenyesha karibu kila siku, chumvi yote imesukumwa chini na wingu limekaa kama shedineti, ule wavu wa kivuli. Ndoo zilikuwa wapi, nje au barazani?

#42 BiKijani
Za kivulini barazani, hazikupata mvua. Ya juani ilipata.

#43 Fundi Mawe
Mvua haiondoi saruji lakini.

#44 MpandaMikarafuu
Mvua ina tindikali yake ndogo, na miaka nayo imepita. Mie ningengoja mwezi wa Januari kiangazi kikolee ndio niseme.

#45 Kaka Rehani
Na ile ya kivulini maji ya kisima mbona haijafa? Nyote mmeiruka. Kivuli kinapunguza maji kukauka, chumvi inachelewa kupanda.

#46 Mama Wawili
Kinachelewesha, umesema mwenyewe. Kingo zimeshaanza kahawia. Ipe miezi miwili tena kaka yangu.

#47 njano_kijani
BiKijani mimi niko Mbagala, naomba tawi la ile ya juani yenye harufu kali. Jumamosi nakuja na ndoo yangu.

#48 BiKijani
Karibu sana, njoo kabla ya saa nne jua halijakolea. Nitamwita jirani akukatie yeye.